Mtu wa Wembe

Nilipokuwa darasa la saba niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa ile akili kidogo niliyokuwa nayo, kwamba huko Nairobi kuna mtu aliyeajiriwa kukata majibu. Hakuwa na kazi nyingine. Hadithi ya mtihani wa Kiingereza ikishaandikwa, nzima, na maswali yake chini, ilipelekwa mezani kwake. Yeye alichukua wembe mpya, akasoma swali la kwanza, akalitafuta jibu lake ndani ya hadithi, kisha akalikata pole pole jinsi mama anavyotoa jicho la kiazi. Halafu la pili. Halafu la tatu. Akimaliza, mistari iliyobaki ilisukumwa pamoja ili pengo lisionekane, ikapigwa chapa, ikaletwa kwetu Tetu. Vipande vilivyokatwa vilitiwa kwenye gunia, na gunia hilo lilipelekwa shule za watoto wa wakubwa, ambao walisoma hadithi ikiwa na nyama yake yote. Sisi tulitumiwa mifupa.

Aliyetuletea habari hii alikuwa Gathogo. Gathogo alikuwa amerudia darasa la saba mara tatu, kwa hivyo katika mambo ya darasa la saba hakuna profesa aliyemfikia. Alikuwa na ndevu kumshinda mwalimu wa hesabu. Tena alikuwa na mjomba Kerugoya aliyefanya kazi ofisi ya serikali, na mtu wa ofisi ya serikali atakosaje kujua?

"Mjomba alimuona na macho," alituambia nyuma ya choo cha wavulana. "Ni mtu mnene. Ako na miwani mbili, moja ya kusoma, moja ya kukata."

"Na hachoki?" nikauliza.

"Atachokaje na ameketi?"

Hapo nilimaliza maswali. Ukweli wa namna hiyo haupingwi.

Nilimkumbuka mtu huyo mwezi uliopita tulipomzika mke wangu. Msinipe pole haraka, ngojeni kwanza nieleze. Aliyetuacha ni mama ya mama yangu, Cucu wa Giakanja, mwanamke aliyeishi hadi miaka ikachoka kumhesabu. Kwetu mtoto wa pili wa kiume hupewa jina la baba ya mama yake, na mimi ni wa pili, kwa hivyo mimi ni Ndirangu kama babu. Na kwetu jina si la kuazima tu, unakuwa yule mtu mwenyewe. Tangu siku niliyozaliwa nikilia kama ng'ombe wanne, Cucu aliniita mume wangu. Mama yangu aliniita baba. Tata Wangari, dada mdogo wa mama, mtu mzima mwenye watoto, aliniita baba pia, na nikiwa na miaka sita alikuwa ananijia kulalamika kwamba sikumnunulia viatu vya Krismasi. Nilimwambia asubiri mwaka ujao, kama baba yeyote.

Baada ya mazishi tulifungua sanduku la bati la Cucu kugawana vitambaa. Chini kabisa, chini ya ile nguo yake ya kanisani ya rangi ya samawati, nilikuta karatasi mbili. Kabla sijaziona nilizinusa. Wale wa rika langu wanaijua ile harufu ya mtihani uliochapwa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Ni kama mafuta ya taa yameoa rangi ya viatu bila ruhusa ya wazazi. Miaka yote hiyo, naapa, ilikuwa bado inanuka. Niliketi chini sakafuni na tata Wangari akadhani ni huzuni imenipata.

"Baba, unalia?"

"Silii," nikamwambia. "Nasoma."

Basi wacha nisimulie.

Mwaka ule sheria ya shule yetu ilikuwa fupi. Ukikosa nusu ya alama za Kiingereza mwisho wa mwaka, huendi darasa la nane, unarudia. Na sheria ya baba yangu ilikuwa fupi zaidi. Kaka yangu Kariuki alikuwa amerudishwa, akarudishwa tena, mwishowe akaacha shule na sasa alikuwa anakata nyasi za ng'ombe. Jioni moja baba aliweka kikombe chini, akanitazama mimi bila kumtazama Kariuki, akasema, "Sitafuga wazee wa darasa hapa. Ukirudishwa, unarudi kwa ng'ombe na ndugu yako. Tumeelewana?"

Tulikuwa tumeelewana. Hata ng'ombe alikuwa ameelewa, maana alinguruma.

Sasa mimi nilitaka shule kwa sababu ambayo sikumwambia mtu. Nilitaka tai. Wavulana wa sekondari walipita barabarani kwetu wakiwa na tai za kijani zenye mistari, na mtu akiwa na tai hata kikohozi chake kinasikika kwa heshima. Nilikuwa nimejifunza kufunga fundo kwa kamba ya ndama. Nilifunga vizuri mpaka ndama mwenyewe alianza kuniangalia kwa wasiwasi. Hesabu nilikuwa naziweza, sayansi naiweza. Kati yangu na tai kulikuwa na Kiingereza tu, na ndani ya Kiingereza kulikuwa na hadithi na maswali yake, na ndani ya hadithi alikuwa yule mtu mnene na wembe wake.

Hadithi zenyewe nitaziweka hapa kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza changu cha siku hizo hata mbuzi asingekitafuna. Mbinu yangu ilikuwa hivi. Nilichukua swali nikachagua neno lililonona kuliko mengine. Kidole cha mkono wa kushoto nikakiweka juu yake kisikimbie. Kidole cha kulia nikakipeleka kwenye hadithi, mstari kwa mstari, neno kwa neno, kama kuku anayedonoa uani. Nikikutana na neno lile lile, nilinakili sentensi yake yote na nukta yake. Nisipokutana nalo, basi nilijua wembe umepita.

Ulipita sana. Nakumbuka hadithi ya mtu aliyeitwa Peter, aliyesafiri kwenda sokoni. Swali liliuliza, kwa nini Peter alikuwa na njaa? Nikaweka kidole juu ya njaa, nikatembeza kingine. Hakuna njaa. Nilisoma mara ya pili, ya tano, ya mia tatu. Kulikuwa na Peter ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu juzi, kulikuwa na barabara yenye vumbi, kulikuwa na punda, lakini njaa hakuna. Swali la pili, nani aliyeuza punda? Hapa nilifurahi, kwa sababu punda alikuwepo mstari wa kwanza, amelala kivulini karibu na mwanamke wa maziwa. Nikaandika, mwanamke wa maziwa. Kule chini hadithi ilisema ndugu yake Peter alirudi jioni bila mnyama wake, mfuko ukiwa mzito. Nililiona hilo, ndiyo. Lakini mnyama si punda, nikapita.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa Mwalimu Wamuyu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuamsha Nyeri nzima na nusu ya Nyahururu. Nilimpelekea lile swali la njaa.

"Mwalimu, jibu haiko."

"Jibu liko kwa hadithi. Soma tena."

"Nimesoma, mwalimu."

"Soma tena, Ndirangu! Hayo macho ni ya nini, ni ya kukata vitunguu?"

Darasa likacheka. Gathogo akaniangalia kama mtu anayejua siri, akakwaruza shingo kwa kidole, shwaa, kama wembe.

Sikukata tamaa. Hilo sitakubali mtu anipokonye, nilikuwa na bidii ya mchwa. Niliazima karatasi zote za zamani kijijini, hata moja iliyokuwa imefungia nyama. Nilizishika moja moja dhidi ya dirisha nione mahali palipokatwa. Na siku moja nikapaona. Katikati ya hadithi ya Peter kulikuwa na mstari mweupe, mwembamba, umepita kutoka kona hii hadi ile, maneno yamefifia pande zote mbili. Leo najua ni ile karatasi ya nta ya mashine iliyojikunja. Siku ile niliona wembe mtupu. Nilimwonyesha Gathogo.

"Si nilikuambia?" akasema. "Hapo alikuwa na haraka."

Jambo moja tu lilibaki kunisumbua. Je, Mwalimu Wamuyu alijua? Siku moja alinituma nipeleke vitabu ofisini kwa walimu. Karatasi yake mwenyewe ilikuwa mezani. Nikainama kama mtu anayefunga kamba za viatu, ingawa sikuwa na viatu, nikatazama. Ilikuwa na mstari mweupe ule ule, na njaa haikuwemo hata katika yake! Nilisimama pale nikamhurumia kwa dhati. Maskini mwalimu. Hata yeye walikuwa wamemletea iliyokatwa, na alikuwa anatuambia tusome tena kwa sababu hakuwa na habari.

Tangu siku hiyo sikumsumbua na maswali. Nilimheshimu kama mtu anavyomheshimu mgonjwa.

Jumamosi kabla ya mtihani mama alinituma Giakanja kusaidia kuchuma kahawa. Kwetu ni upande wa juu, wa majani chai, ambako baridi inaingia hadi kwenye uji. Kwa Cucu kuna joto kidogo, na Novemba ile matawi yalikuwa yameinama kwa wekundu. Nilifungwa kikapu kiunoni nikawekwa mstari mmoja na tata Wangari. Utamu wa kahawa mbivu unanata kwenye vidole, kisha vumbi linanata kwenye utamu, na saa nne asubuhi tayari mikono yangu ilikuwa ya mtu mwingine.

Lakini akili ilikuwa kwa mtu wa wembe. Tata akachungulia kikapu changu.

"Uuui! Huyu mzee anatuchumia za kijani. Baba, hizi utapeleka kiwandani wewe mwenyewe uaibike mbele ya karani."

"Muache mume wangu," Cucu akasema kutoka mstari wa pili. Hatukumwona, tuliona tu kitambaa chake cha kichwani kikipita juu ya majani. "Ako na mtihani."

"Mama, hii ni mara ya kwanza wewe kuolewa na msomi."

"Na nitaolewa na nani, wewe baba yako alikuwa amesoma?"

Wanawake wote shambani wakacheka. Jirani mmoja aliyekuwa amekuja kusaidia akauliza kama huyu ndiye mtoto wa Nyambura, jinsi amerefuka, nami nikatoa shikamoo yangu. Baadaye kidogo tata alitaka mtu wa kubeba ndoo, akaita, "Baba, kuja!" nikaenda. Mchana moshi wa jikoni ukapungua, na sauti ya Cucu ikatoka mlangoni, si kwa mtu yeyote hasa, ikiambia boma zima: "Mwenye mji hajala! Jua limefika wapi na mwenye mji hajala!" Niliacha kikapu hapo hapo nikaenda kula. Ilikuwa githeri yenye viazi na majani ya malenge, na nilikula sehemu ya wanaume watatu, kwa kuwa nilikuwa mwenye mji. Siku hiyo nzima hakuna mtu hata mmoja aliyetamka Ndirangu. Na sikukosa hata tonge.

Nikiwa nalamba sahani nilimweleza Cucu habari ya mtu wa wembe. Nilitegemea ashtuke. Alitikisa kichwa tu.

"Watu wa Nairobi," akasema, "hawana haya."

"Sasa nitafanya nini, Cucu?"

"Wewe tafuta. Hata nyasi ikikatwa, kitu kidogo hubaki chini. Tafuta sana." Akaniongezea viazi.

Nilirudi Tetu nikiwa nimeamua. Nitatafuta sana. Nitadonoa kila neno mpaka karatasi itoboke.

Siku ya mtihani nilidonoa. Ilikuwa hadithi ya kijiji kilichopata mafuriko, maswali kumi. Nilitoa jasho mpaka dawati likapata mafuriko yake. Matatu nilipata maneno yale yale, nikanakili. Matatu niliotea. Manne hayakuwepo kabisa. Kwa mfano waliuliza nani aliyemwokoa mtoto, na kuokoa kwenyewe hakukuwemo, kulikuwa tu na fundi wa baiskeli aliyeruka mtoni akatoka na mtoto begani. Nilifikiri kwa muda mrefu. Kudanganya sikutaka. Kuacha wazi kungeonekana ni uvivu, na mimi mvivu sikuwa. Basi kwa mwandiko wangu bora kabisa, na kwa Kiingereza nilichokuwa nimekiokota kwenye kamusi ya shule, niliandika mara nne: Jibu limekatwa.

Karatasi ilirudi na wino mwekundu. Kando ya kila jibu limekatwa, Mwalimu Wamuyu alikuwa ameandika, Soma tena. Mara nne. Ya nne ilikuwa imetoboa karatasi. Aliniita mbele, akaniuliza kama namwona yeye ni mtu wa mchezo, nikasema hapana mwalimu, akanichapa kiboko kimoja mkononi. Sikulia. Nilimwangalia kwa huruma ile ile, na nadhani hiyo ndiyo ilimkasirisha zaidi.

Nilikosa nusu kwa alama mbili. Lile swali la mtoto peke yake lilikuwa na alama mbili.

Mwalimu mkuu alisoma majina ya watakaorudia tukiwa tumepanga mistari uwanjani, baridi imetanda, mlima haukuonekana siku hiyo. Gathogo alisomwa wa kwanza kama kawaida na akajibu "Niko!" watu wakacheka. Mimi nilisomwa wa tano. Sikusema niko.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa miguu hadi Giakanja, karatasi imekunjwa ndani ya shati.

"Cucu, nifichie hii. Baba asiione."

"Ni nini?"

Hakujua kusoma. Ningeweza kumwambia chochote. "Ni barua," nikasema.

"Ni ya mume wangu?"

"Ndiyo."

Aliipokea kwa mikono miwili. Akafungua sanduku la bati, akaiweka chini kabisa, akailaza nguo ya kanisani juu yake kama anayemfunika mtoto.

Baba alijua, bila shaka. Ripoti ya shule haifichiki. Hakupiga kelele. Alienda ghalani akatoka na panga la pili, akanipa. "Kesho nyasi ni zenu wawili," akasema. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Kwa panga lile sikuwa nimejiandaa. Tai ya kijani ilipita barabarani kwetu Januari ile shingoni mwa mvulana niliyekuwa namshinda hesabu, nami nikiwa mtaroni na mzigo wa nyasi kichwani ili asinione uso.

Nilikata nyasi. Nilibeba maziwa. Nilichanganya saruji kwa mafundi wa nusu ya nyumba zote za Nyeri, na hiyo nusu ndiyo haivuji. Mwishowe nikaandikwa katika duka moja la vifaa vya ujenzi mjini. Mwenyewe alikuwa Mhindi aliyezaliwa hapo hapo Nyeri na aliyejua matusi ya Kikuyu kuliko mimi. Pale dukani, nisijisifu, nilikuwa nyota. Wateja hawajui majina ya vitu. Mmoja anakuja, "Nipatie ile kitu hushikilia mlango isianguke," nampa bawaba. Mwingine, "Iko ile ya kukwaruza ukuta ikuwe laini?" nampa msasa. Mzee wa duka alikuwa anasema nina pepo. Nilipata kila kitu mara ya kwanza, kwa miaka, na sikuwahi hata mara moja kujiuliza nilikuwa nafanya nini.

Siku moja mama mmoja mwembamba, mvi kichwa chote, akasimama mbele ya meza. "Kijana, nataka kale kampira ka kufanya bomba lisilie machozi."

Nikamwekea washa mezani kabla hajamaliza. Hakuichukua. Alikuwa ananiangalia juu ya miwani.

"Ndirangu," akasema. "Ndirangu wa jibu limekatwa."

Mkono wangu wa kulia ukajificha nyuma wenyewe.

"Ulienda wapi wewe?"

"Kwa ng'ombe, mwalimu."

Alisukuma miwani juu ya pua. Kisha akaniambia amestaafu, na kwamba ana darasa la jioni la watu wazima, orofa ya pili juu ya duka la vitambaa, saa kumi na moja na nusu. "Uje."

"Mwalimu, mimi niko na miaka thelathini na tano."

"Nimekuuliza miaka? Nimesema uje."

Nilienda. Msiwe na wasiwasi, nitawaambia mwisho wake mapema: nilimaliza, cheti cha kidato cha nne ninacho, na Kiingereza ndicho kilichoniletea alama nzuri kupita zote. Siku ya kukichukua nilivaa tai ya kijani yenye mistari, mkubwa mzima na kitambi chake, nikaifunga kwa fundo lile la ndama. Nakala moja nilimpelekea Cucu. Aliuliza kama hiyo nayo ni barua ya mume wake, nikasema ndiyo, akailaza juu ya ile ya kwanza. Hizo ndizo karatasi mbili za sandukuni.

Lakini bado mnanidai jioni moja, ya wiki ya pili. Tulikuwa watu tisa. Kushoto kwangu alikaa kijana wa bodaboda na kofia yake ya chuma mapajani, kulia mama anayeuza mitumba sokoni. Mwalimu Wamuyu aligawa hadithi, sasa ya mashine ya kisasa, haina hata harufu. Nikaweka kidole cha kushoto juu ya swali, cha kulia nikaanza kudonoa. Swali la tatu nikakwama. Nikadonoa tena. Kisha nikainua mkono, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto wa darasa la saba.

"Mwalimu, hii imekatwa."

"Imekatwa na nani?"

Hakuwahi kuniuliza hivyo. Basi nikamweleza. Nilimweleza yote: Gathogo, mjomba wa Kerugoya, miwani miwili, gunia, mstari mweupe, na jinsi nilivyoiona karatasi yake ofisini nikamhurumia. Nilitegemea wenzangu waanguke kwa kicheko.

"Hata mimi nilisikia hiyo," akasema mama wa mitumba, pole pole.

"Kwetu walisema ni makasi," akasema wa bodaboda.

Mwalimu Wamuyu hakucheka. Alivuta kiti akaketi mbele yangu, magoti yakikaribia kugusana, akavua miwani.

"Nilidhani unanidharau," akasema. "Nikakuchapa."

"Moja tu, mwalimu. Lakini ilikuwa ya kutosha watatu."

"Na mimi nilikuwa nawaambia soma tena, soma tena. Nilidhani mnajua." Alifuta miwani kwa ncha ya sweta. Kisha akauliza, "Mama yako anakuita nani?"

"Baba."

"Na cucu yako?"

"Mume wake."

"Akisimama mlangoni aseme mume wangu hajala, wewe unafanya nini?"

"Naenda kula."

"Hungoji aseme Ndirangu ana njaa?"

"Nitangoja nini, mwalimu, na chakula iko tayari?"

Alivaa miwani. Aligeuza karatasi yangu, akachukua kidole changu cha kulia, akakiweka kwenye mstari ambao nilikuwa nimeupita mara tatu.

"Hakuna mtu wa wembe, Ndirangu. Hakuna kitu kilichokatwa, hata siku moja. Jibu liko hapa. Wameliita kwa jina lingine tu."